Pistoni za foji kwenye 4G63 ya rali: nafasi kati ya sketi na silinda iwe ngapi?

#1 Evo_ya_Vumbi
Wakuu, habari za kazi. Bloku ni 4G63 ya Mitsubishi Evo 9, chuma cha kumimina, boa (kipenyo cha silinda) ya kiwandani 85.0 mm, inaenda 85.5. Pistoni ni foji (za kufuliwa, sio za kumimina) za aloi 2618. Busti (shinikizo la turbo) baa 1.5, petroli ya mashindano, kazi ni rali ya vumbi, sio mbio za sekunde kumi. Karatasi iliyomo kwenye boksi inasema nafasi ya sketi (ukuta wa chini wa pistoni) na silinda ni 0.076 mm. Mafundi wa mashine wamegawanyika: kuna wanaosema 0.05 kama injini ya kawaida, kuna wanaosema "weka thau nne na nusu ukalale", yaani 0.114 (thau moja ni sehemu moja ya elfu ya inchi, 0.0254 mm). Kati ya hao wawili tofauti ni zaidi ya mara mbili. Ipi ni sahihi, na kwa nini?

#2 Maikroni
Mkuu, achana na 0.05. Hiyo ni ya pistoni za kumimina zenye silikoni nyingi, hazipanuki sana. Foji ziko za aina mbili kuu na lazima ujue yako ni ipi kabla hata ya kuuliza namba.

4032 ina silikoni kama asilimia 12. Inapanuka kidogo, kama mikroni 19.4 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Inakubali nafasi ndogo, haipigi kelele asubuhi, ila ni ngumu na ikipata ditoneshini (mchanganyiko kujilipukia wenyewe ndani ya silinda) inapasuka.

2618 karibu haina silikoni. Inapanuka kama mikroni 22.3. Ni laini, inastahimili kipigo, ikizidiwa inapinda kabla ya kuvunjika. Ndiyo maana injini za turbo za mashindano wanaipenda. Gharama yake ni nafasi kubwa.

Kipenyo 85.5, sketi ikipanda nyuzi 100 kutoka baridi: tofauti ya aloi hizo mbili ni 85.5 × 0.0000029 × 100 = 0.025 mm. Hiyo ni thau moja kamili. Ndiyo ile thau moja ambayo 2618 hudai kuliko 4032, haikutoka hewani.

Kwa 2618 kwenye turbo, kipimo cha mafundi ni sehemu moja ya elfu ya kipenyo: 85.5 inakupa 0.0855. Karatasi yako inasema 0.076. Ziko jirani, na hiyo ni dalili nzuri. Kwa rali anzia kwenye karatasi kisha ongeza 0.010 mpaka 0.015. Maana yake 0.086 mpaka 0.091. Ikivuka 0.10 unaanza kulipia kitu ambacho hukukihitaji.

#3 Hesabu_Kwanza
Naomba kueleweshwa, Maikroni. Nimejaribu kupiga hesabu yote badala ya tofauti tu. Sketi nyuzi 120, silinda nyuzi 100, vyote vimeanza 20.

Pistoni: 85.5 × 0.0000223 × 100 = 0.191
Silinda ya chuma: 85.5 × 0.000011 × 80 = 0.075
Nafasi inayoliwa: 0.116

Ukiwa umeacha 0.086 unabaki na hasi 0.03. Kwa hesabu hii pistoni inashika kabla ya kufika geti. Sasa inazungukaje?

#4 Maikroni
Swali zuri, na ndilo linalowapeleka watu kwenye hiyo 0.114.

Hesabu yako inachukulia pistoni kama mti wa duara uliojaa. Sivyo ilivyo. Ukiitazama kwa juu ni umbo la yai: upande wa pini ni mwembamba kuliko upande wa sketi. Ukiitazama kwa ubavu ni pipa: juu nyembamba, chini imepanuka, halafu inarudi ndani kidogo. Ile namba unayopima ni ya ukanda mmoja mdogo, pale ilipo pana kuliko kote. Ikipata joto, nyama nyingi iko kwenye masikio ya pini, kwa hiyo upanuzi mwingi unaelekea huko ambako kumeachwa nafasi kubwa makusudi. Na sketi yenyewe ni ukuta mwembamba. Ikibanwa inarudi ndani kama spring na utando wa mafuta unabaki katikati.

Kwa hiyo hesabu ya upanuzi itumie kulinganisha: aloi na aloi, nyuzi na nyuzi. Usiitumie kutafuta namba ya mwisho. Hiyo anaijua aliyechora yai na pipa, na ndiyo aliyokuandikia kwenye karatasi. Pistoni mbili za 2618 za kampuni tofauti, kipenyo kilekile, zinaweza kupewa 0.076 na 0.100, na zote mbili zikawa sahihi.

#5 ThauMoja
Nakazia hapo kwa Maikroni, halafu niongeze: namba bila mahali pa kupimia ni bure. Karatasi itakuambia upime umbali gani kutoka chini ya sketi, nyuzi 90 kutoka kwenye pini. Ukihama milimita tano juu, kwa sababu ya lile umbo la pipa, unasoma namba nyingine kabisa. Mtu anapima karibu na ringi ya mafuta, anapata pistoni "nyembamba", anachonga silinda ndogo, halafu analaumu pistoni.

Jinsi ya kupima:

Maikromita ya 75 mpaka 100, irekebishwe kwa kipande chake cha 75. Pistoni isafishwe, isiwe na mafuta. Tumia kile kishikio cha mwishoni kinachokwaruza (racheti), usikaze kwa nguvu ya mkono. Pima mara tatu. Zikitofautiana zaidi ya 0.002 bado mkono haujatulia.

Ukipata, funga maikromita palepale, ibane kwenye jiliwa kwa vitambaa, kisha weka dayo geji ya silinda ndani yake na uiweke sifuri. Kuanzia hapo geji inakusomea nafasi moja kwa moja, huhitaji kutoa namba mbili kwa kichwa. Dayo iwe ya mgawanyo wa 0.001 au 0.002. Ile ya 0.01 inafaa kupima silinda iliyochakaa, sio kujenga.

Ndani ya silinda pima juu, katikati na chini, kila mahali mielekeo miwili: wa krankshafti na wa sketi. Ni vipimo sita kwa silinda, 24 kwa bloku. Bembeza geji mbele na nyuma. Namba ya kweli ni ile ndogo kabisa kabla mshale haujageuka. Kipimo kidogo kuliko vyote kwenye mwelekeo wa sketi ndicho kinachohukumu. Kutofautiana kwa juu na chini, au kwa mielekeo miwili, kusizidi 0.010.

Na tafadhali, fila geji isiingie kwenye mjadala huu. Ni ubapa ulionyooka unaopitishwa kwenye ukuta uliopinda na sketi yenye umbo la yai. Itakupa jibu, lakini sio la swali ulilouliza.

#6 Pwani_Turbo
Walioko bara, hili haliwasumbui, ila sisi wa Dar na Mombasa tuliweke kwenye hesabu: vipimo vyote vya karatasi ni vya nyuzi 20. Karakana ya pwani mchana ni 32.

Pistoni na bloku vyote vikiwa 32, aluminiamu imetanuka kuliko chuma. 85.5 × 0.0000113 × 12 = 0.012 mm. Ukichonga upate 0.088 kwenye joto hilo, kwa nyuzi 20 una 0.100 tayari. Umeweka nyongeza yako mara mbili bila kujua.

Mbaya zaidi ni pale pistoni imekaa kwenye boksi dirishani juani, bloku iko chini sakafuni. Pistoni pekee ikizidi nyuzi 12, inasoma kubwa kwa 0.023. Karibu thau nzima, na hakuna mtu aliyekosea kusoma maikromita.

Dawa: vilale pamoja kwenye meza moja usiku kucha, pima alfajiri, shika pistoni kwa kitambaa. Kama chumba hakishuki chini ya 28, toa hiyo tofauti kwa hesabu na uandike kwenye daftari kwamba umeitoa.

#7 Kinoo400
Upande wa mashine sasa, maana hapa ndipo namba nzuri zinapoharibikia.

Kosa la kwanza: kumwambia fundi "chonga 85.5". Pistoni iliyoandikwa 85.5 yenyewe haipimi 85.5. Chukua mfano inasoma 85.418 mahali pake pa kupimia. Ongeza 0.088. Silinda inatakiwa kuwa 85.506. Akichonga 85.500 una 0.082, akichonga 85.500 kisha "akuachie thau nne" una 0.184 na bloku imekwisha. Mpelekee pistoni zote nne, kila moja na silinda yake, ziandikwe kwa kalamu ya wino, sio kugongwa namba. Pistoni za seti moja zinaweza kutofautiana 0.005.

Kosa la pili: kuhoni (kusugua silinda kwa vinoo) bila sahani ya toki, ile inayofungwa mahali pa hedi kwa toki (nguvu ya kukazia) yake. Ukikaza studi za hedi, chuma cha juu ya silinda kinavutwa, silinda inaacha kuwa duara. Ukihoni bloku tupu utapata duara zuri ambalo litapotea siku unapofunga hedi. Sahani iwe ya chuma nene, ikazwe kwa studi zilezile utakazotumia, gasketi ya aina ileile, mafuta ya kukazia yaleyale na toki ileile kwa hatua tatu. Kofia za mhimili mkuu wa krankshafti nazo zikazwe. Ukibadilisha bolti za kiwandani kuweka studi za kampuni ya ARP baada ya kuhoni, umevuruga tena, kwa sababu nguvu ya kuvuta sio ileile.

Mpangilio: boa mpaka 85.43, acha karibu 0.075 ya honi. Kinoo cha 220 mpaka ibaki 0.020. Cha 280 mpaka ibaki 0.005. Halafu 400 mizunguko michache, umalizie na brashi ya kulaza vilele. Mistari ya msalaba ikutane kwa nyuzi 45 hivi. Ikilala sana mafuta yanabaki mengi na ringi inaruka. Ikisimama sana mafuta yanashuka yote na sketi inakauka.

Ukimaliza kinoo usipime hapohapo. Silinda iliyotoka kwenye honi ikiwa na nyuzi 20 zaidi ya chumba inasoma kubwa kwa 0.019. Kesho yake imesinyaa na umebaki na 0.069. Mwagia mafuta ya honi, subiri, pima, rudi.

Kuosha: petroli haitoi unga wa kinoo, inausukuma ndani ya mistari. Maji ya moto, sabuni ya unga, brashi ngumu, mpaka kitambaa cheupe kilicholowa mafuta kipite na kutoka cheupe. Kikitoka kijivu, rudia. Halafu mafuta papo hapo, kwani chuma kile kinaota kutu ukikitazama.

#8 Mzee_wa_Busti
Bado niko na 0.114. Ikilegea italia, ikikaza itakuliza wewe. Rali ya Safari sio mchezo, hatua ya Kedong huko Naivasha peke yake iliwahi kuzidi kilomita 30 bila kupumzika. Nani anataka pistoni ishike katikati ya mbuga?

#9 Maikroni
Mzee wangu, heshima yako, na kuhusu joto nakubali. Kwa Naivasha lipo la ziada: ni karibu mita 1,900 juu ya bahari, hewa ya nje ina kama kPa 81. Injini inayotaka kPa 250 ndani ya manifodi, pwani turbo inakandamiza mara 2.5, kule ni mara 3.1. Hewa inatoka ya moto zaidi, na intakula (kipoza hewa ya turbo) na rejeta zinapata hewa nyembamba. Ndiyo maana nikasema ongeza 0.010 mpaka 0.015 juu ya karatasi.

Lakini 0.114 haikai kimya ikingoja joto. Pistoni inayumba kwenye pini kila inapopita juu. Ringi inatakiwa ilale bapa ukutani, sasa inabingirika: moshi wa ndani unaongezeka, mafuta yanapanda, mifereji ya ringi inagongwa na kupanuka. Sketi inapiga upande wa msukumo mpaka inabonyea ndani. Ukija kupima baada ya msimu, pistoni imepungua na nafasi yako imekuwa 0.14. Mafuta ya injini yakiingia kwenye chumba cha mwako yanashusha oktani, na ditoneshini ndiyo inayoua, sio sketi.

Halafu sensa ya noki. Haijui sauti ya sketi na sauti ya ditoneshini. Inasikia kugonga, inarudisha taiming (wakati wa cheche) nyuma, joto la eksozi linapanda, nguvu inashuka, na wewe unahangaika na ramani ya petroli wakati tatizo ni kinoo kilichopita kipimo.

Kwa gari la mita 400, linalowashwa, linakimbia sekunde kumi na kuzimwa, hiyo yako inaweza kuvumilika. Rali ina maelfu ya kilomita za kuyumba.

Jambo moja zaidi: bomba za kumwagia mafuta chini ya pistoni usiziondoe. Kuna wanaoziziba ili kupandisha presha ya mafuta. Ukiziziba, hizi namba zote tulizoandika hapa hazikuhusu tena.

#10 Mzee_wa_Busti
Ya sensa sikuwa nimeiweka kwenye mizani. Sawa, lakini 0.095 simpunguzii mtu.

#11 Evo_ya_Vumbi
Asanteni sana wakuu. Kwa upande wa dalili: pistoni ikitoka, nitajuaje kama ilikuwa nafasi au kitu kingine?

#12 ThauMoja
Soma alama kabla hujaosha.

Michubuko katikati ya sketi, pande zote mbili, mirefu kwenda chini: nafasi ndogo, au mafuta yalikosekana. Angalia beringi; zikiwa nzima, ni nafasi.

Alama nne kwenye kona, kandokando ya pini: pistoni nzima ilizidiwa na joto na masikio ya pini yakatanuka mpaka ukutani. Tafuta maji, taiming, au pini iliyokaza.

Kuchubuka juu ya ringi tu huku sketi ikiwa safi: ditoneshini au mchanganyiko mkavu. Hapo ukiongeza nafasi ya sketi utaua na pistoni inayofuata vilevile.

Sketi yote imekuwa kijivu isiyong'aa, mistari myembamba kama imepigwa msasa: vumbi. Kagua boksi la filta na mipira yake kabla ya kitu kingine chochote, maana vumbi la Bonde la Ufa ni unga.

Na kuna kushika kwa baridi: injini imewashwa, maji yako nyuzi 40, mtu anapandisha mpaka 6,000. Pistoni inapata joto haraka kuliko bloku, nafasi inaisha kwa dakika moja. Michubuko yake inafanana na ya nafasi ndogo. Kabla ya kuchonga upya, muulize dereva. Subiri mafuta yafike 80.

#13 Boksa_Dodoma
Je, kwa Subaru EJ25, boa 99.5, elfu moja ya kipenyo inanipa 0.0995. Ni sawa?

#14 Kinoo400
Usiinakili kutoka 4G63. Bloku ya EJ ni aluminiamu yenye laina za chuma zilizomiminiwa ndani. Inapopata moto aluminiamu inaivuta laina nje kidogo, kwa hiyo nafasi hailiwi kwa kasi ileile. Fuata karatasi ya pistoni za EJ. Cha muhimu zaidi kwako: nusu mbili za bloku zifungwe pamoja kwa toki yake wakati wa kuhoni, na sahani ya toki iwepo. Laina zile zinavutika sana.

#15 Hesabu_Kwanza
Mwenye bloku asisahau mpangilio wa ringi: honi kwanza, ringi baadaye. Silinda ikiongezeka 0.02, mwanya wa ringi unaongezeka mara 3.14 ya hiyo, yaani 0.063. Ukikata ringi kabla ya honi ya mwisho umeharibu seti. Kwa turbo hii ringi ya juu kipenyo × 0.0055 mpaka 0.0060, inatoka 0.47 mpaka 0.51. Ya pili iwe pana zaidi, 0.0065 ni 0.56, ili gesi isikwame katikati na kuinua ya juu.

Hiyo mara 3.14 inakusaidia pia kukagua kazi ya fundi bila dayo geji: sukuma ringi chini kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, pima mwanya juu, kisha chini. Ukitofautiana 0.03, silinda imepishana 0.01.

#16 Evo_ya_Vumbi
La mwisho wakuu. Mahali pa kupimia, 12 mm kutoka chini, pamepakwa ule utando mweusi. Napima juu yake au naukwangua?

#17 ThauMoja
Usikwangue. Tazama karatasi kama 0.076 imeandikwa kwa pistoni iliyopakwa au tupu; kampuni hazifanani. Utando huo mara nyingi ni 0.010 mpaka 0.015 kila upande, kwa hiyo kipenyo kinazidi 0.02 mpaka 0.03. Kama namba ni ya pistoni tupu na wewe umepima juu ya utando, utachonga silinda kubwa kwa kiasi hicho, na utando ukishalainika mwezi wa kwanza utabaki na ile 0.114 ya Mzee. Mara nyingine wanaacha kidirisha kidogo bila rangi kwa ajili ya kupimia. Geuza pistoni kwenye mwanga utakiona. Kama hakipo na karatasi haisemi, waandikie waliotengeneza kwa namba ya pistoni iliyo kwenye boksi, na bloku isiguswe mpaka wajibu.